Sura ya Tisa: Lita Mbili na Robo

Asubuhi ya Jumatatu, Mkaguzi wa Polisi Theodora Mallya alimtoa fundi Filemon mahabusu, akamfunga pingu kwa mbele ili mikono yake iweze kushika vitu, akampeleka katika karakana yake mwenyewe huko Njoro, Moshi. Lakiri ya polisi ilikuwa bado getini. Koplo Basili aliikata, akalisukuma geti, na wote watatu wakaingia mahali ambapo sakafu ilikuwa safi kuliko sakafu ya mapokezi ya kituo. Basili aliyatamka hayo bila kukusudia. Fundi akamjibu kwa upole kwamba chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye beringi huharibu kuliko nyundo.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye maneno machache. Alikuwa amelala mahabusu siku mbili, na bado shati lake lilikuwa limefungwa kifungo cha juu.

Shauri lenyewe lilielezeka kwa ufupi. Siku ya Jumamosi, katika uwanja wa mbio ulioko tambarare kusini mwa mji, gari dogo la mbio la kijana mmoja wa Machame aitwaye Godlove lilifunga injini, yaani injini ilikwama ghafla, katikati ya kona ndefu ya kushoto, likazunguka kama pia na kuupiga ukuta wa matairi. Godlove alivunjika mfupa wa paja. Miezi miwili kabla, alikuwa amemkabidhi Filemon injini hiyo ili aibadilishe mfumo wake wa oili uweze kustahimili mbio. Aliyefungua jalada ni baba yake, Mzee Eliufoo, na maelezo yake hayakuzidi ukurasa mmoja. Sentensi moja iliwatosha polisi wa zamu: "Fundi huyu hajui kipimo cha oili." Filemon alisisitiza kwamba alijaza lita saba na nusu. Wataalamu walinyonya kwa mpira oili yote iliyokuwamo ndani ya mabaki, wakapata lita tano na robo. Injini haikutoboka popote, wala hapakuonekana tone uwanjani. Jumanne saa tatu asubuhi, fundi angesomewa shtaka la kujeruhi kwa uzembe, na tangu hapo hakuna mtu ambaye angemwamini hata kwa kubadilisha plagi.

Theodora alisimama mbele ya meza ambapo sampu, yaani lile bakuli la chini linalohifadhi oili ya injini, ilikuwa imelazwa pamoja na vipande vingine ambavyo polisi walivileta kutoka kwenye mabaki. Akamwagiza fundi aieleze kazi yake kama anavyomweleza mtu asiyejua gari.

Filemon alianza na karai la maji. Mtu aliyejitwika karai, alisema, akikata kona ghafla, maji yote hukimbilia upande mmoja. Gari la barabarani halipati taabu hiyo kwa sababu kona zake ni fupi na mwendo wake ni wa adabu. Gari la mbio hukaa ndani ya kona hesabu ya sekunde saba au nane. Oili hupanda ukutani mwa sampu, mdomo wa bomba la kunyonya hubaki mkavu, pampu hunyonya hewa, na vyuma vinavyopaswa kuelea juu ya oili huanza kusagana. Injini haiombi msaada mara mbili.

"Kwa hiyo ulifanya nini?" Theodora aliuliza.

"Niliinyima oili nafasi ya kukimbia, afande."

Akaionyesha. Sampu ya asili alikuwa ameikata na kuiongezea mbawa kushoto na kulia ili ibebe zaidi bila kushuka chini. Ndani aliweka kuta, na katika kuta hizo vilango vinne vya shaba, kila kimoja kikiwa na bawaba zisizozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Vilango vyote vilifunguka kuelekea kwenye mdomo wa bomba, na kamwe havikufunguka kwenda nje. Oili iliruhusiwa kuingia, kutoka ilikatazwa. Theodora alikisukuma kimoja kwa kalamu. Kilienda bila sauti, kikarudi chenyewe, kikafunga bila kuacha mwanya.

Basili hakuridhika na maelezo matupu. Pembeni palikuwa na kitanda chakavu cha hospitali, cha aina ile inayoinuliwa kwa mpini, na juu yake sampu nyingine ya majaribio ambayo ubavu wake mmoja ulikuwa wa kioo. Fundi alimwambia amimine oili, azungushe mpini. Koplo akazungusha mpaka kitanda kikalala upande nusu ya pembe mraba. Kwenye kioo waliiona oili ikitaka kukimbia, ikagonga vilango, ikabaki imekusanyika kuuzunguka mdomo wa bomba. Basili, ambaye kwa desturi hakuwa mtu wa kusifu, alirudia jaribio hilo mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemtuma.

"Ulikitumia kitanda hiki kwa muda gani?"

"Wiki tatu. Vilango vya kwanza vilikwama oili ilipokuwa ya moto. Vya pili vilipiga kelele. Hivi ni vya sita."

Kilichobaki kilikuwa mtungi wa akiba, wa alumini, wenye urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, uliounganishwa na injini kwa bomba nene na valvu ya umeme. Ndani yake mlikuwa na pistoni. Upande mmoja hewa iliyobanwa, upande wa pili oili lita mbili na ushei. Shinikizo la oili likishuka ndani ya injini, hewa huisukuma pistoni na akiba huingia mara moja. Injini ikizimwa, valvu hujifunga na akiba hubaki ndani. Asubuhi dereva akifungua ufunguo hatua moja tu, kabla ya kuwasha, valvu hufunguka na mtungi huzilowesha beringi zote, oili yake ikishuka kwenye sampu, ili injini isiamke na koo kavu. Ikishanguruma, pampu huujaza mtungi upya.

Theodora aliandika yote. Katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amekagua visu, nyaraka na kufuli zilizovunjwa. Hakuwahi kukagua kielelezo ambacho kila pembe yake ilionyesha kwamba aliyekitengeneza alitarajia kukaguliwa.

Ndipo alipoifikia nati ya kumwagia oili, chini ya sampu. Ilikuwa imekazwa vizuri na kufungwa kwa waya ili mtikisiko usiilegeze. Filemon aliinama, akaitazama, na kwa mara ya kwanza sura yake ikabadilika.

"Huu si mkono wangu," alisema.

Basili akaguna. Kila mtuhumiwa, alisema, humkana mtoto wake mahakamani. Lakini fundi aliwaonyesha nati nyingine. Waya wake ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, umesokotwa kwa mashine ndogo, misokoto ikilingana kama mbegu za mtama kwenye suke. Ule wa nati ya kumwagia ulikuwa wa kawaida wa kufungia wigo, umesokotwa kwa plaizi. Kazi safi, ila ya mkono mwingine.

Hapo lilikuja jina la Denis. Koplo alikuwa amekwisha kupata habari kwa majirani kwamba Denis, mshirika wa zamani wa Filemon, ambaye waliachana kwa maneno makali na akafungua karakana yake mtaa wa pili, alionekana Ijumaa jioni akitoka chini ya gari la Godlove wakati Filemon amekwenda kununua klipu. Walimfunga fundi ndani ya gari la polisi, wakaenda huko kwa miguu.

Denis alikuwa kipande cha mtu, mwenye kofia iliyogeuzwa kisogoni. Mwanzoni alikana kwamba alikanyaga pale. Theodora alipomsomea saa na rangi ya ovaroli aliyovaa, akakaa juu ya tairi.

"Afande, mimi nimhujumu Filemon? Ile kazi ni balaa. Mtu akiigusa vibaya mimi ndiye nitakayelia wa kwanza."

"Ulikuwa unafanya nini chini ya gari?"

"Nilikuwa nakopi," alisema akitazama viatu vyake. "Ila yeye msimwambie, tafadhali. Nilimtangazia mtaa mzima kwamba hajui kitu."

Akatoa simu. Ndani yake mlikuwa na picha thelathini na moja: mtungi, valvu, mabomba, na sampu kutoka chini kwa kila pembe, nyingine zikiwa na rula imewekwa kando ili apate vipimo. Denis alizipitisha kwa kidole huku akisahau kwamba anahojiwa. Aliwaonyesha jinsi bomba lilivyopindwa bila kubonyea, na akakiri kwamba yeye amelijaribu pindo hilo mara tano na mara zote limemshinda. Katika picha ya kumi na tisa, iliyopigwa Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni, nati ya kumwagia ilionekana wazi. Waya ulikuwa wa Filemon, misokoto yote imelingana.

Godlove alilichukua gari saa kumi na moja. Theodora alimpigia simu wodini. Kijana alisema hakuigusa nati yoyote na hakumruhusu mtu kuigusa. Kutoka Njoro alipanda moja kwa moja nyumbani kwao Machame, gari likalala uani, kwa kuwa baba yake hakutaka liende mashindanoni kabla ya mwinjilisti kuliombea. Asubuhi waliomba, akanywa chai, akashuka uwanjani.

Wakiwa njiani kurudi kwenye gari, Theodora alimweleza koplo hesabu yake. Mhujumu angeilegeza nati na kuiacha ijifungue yenyewe mbioni. Mwizi wa oili angechukua yote. Huyu alitoa lita mbili na robo, si zaidi, akaikaza nati ipasavyo, na alipoona kwamba waya wa kwanza umekatika, akatafuta mwingine akafunga. Walikuwa wakimtafuta mtu mwaminifu. Basili alisema hao ndio wagumu kupatikana, maana hawana rekodi kituoni.

Saa sita walikuwa Machame. Kihamba cha Mzee Eliufoo, yaani shamba lake la nyumbani, kilikuwa kama daftari la mwanafunzi bora: migomba imepogolewa, kahawa imefunikwa matandazo, mfereji umesafishwa kingo. Mzee mwenyewe, mwenye miaka sabini na minane, aliwapokea akiwa amevaa koti. Mkewe, Magreth, alileta maziwa. Walipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti kamili, akamtazama mkaguzi.

"Mallya. Wewe ni wa Rombo."

"Ndiyo, mzee. Kijijini kwetu ni Mkuu."

"Basi mmetoka mbali kuja kujifunza kazi kwa Wamachame," alisema, na Magreth akacheka pembeni. "Karibu ukae, binti."

Alizungumza bila kuhimizwa. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la kahawa, akashuka na kupanda barabara za mlimani masika na kiangazi, wala hakuwahi kuua injini. Sababu ilikuwa moja. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alifungua ufunguo hatua moja akatazama taa za dashibodi, kisha akapima oili, kisha maji, kisha matairi. Kwa mpangilio huo, bila kuruka. Alipostaafu hakuiacha desturi. Hakuna chombo kilichotoka uani kwake bila yeye kukipima, liwe gari la mwanawe, la mkwe au la mchungaji.

Theodora aliacha kunywa maziwa. Akafungua jalada mahali palipoandikwa sentensi ile.

"Mzee, ulisema fundi hajui kipimo cha oili. Ulipopima Jumamosi, ilikuwa imepungua?"

"Nani kasema imepungua? Ilikuwa imezidi."

Basili aliinua kichwa.

"Imezidi kiasi gani?"

"Sana. Kijiti cha kupimia kililowa mpaka juu ya alama, vidole vinne. Oili ikizidi namna hiyo hutoa povu na kuharibu injini. Hilo nililijua kabla mwanangu hajazaliwa. Nikaipunguza mpaka kwenye alama, nikaikaza nati, nikaifunga kwa waya wa wigo wangu." Akanyoosha mgongo. "Mtu anayekosea kwa zaidi ya lita mbili, anashindwaje kukosea na mengine? Nilimwambia hivyo yule askari wa zamu. Akaandika kifupi."

Alipoulizwa oili iliyotoka iko wapi, hakusita. Magreth aliiomba apake nguzo za zizi dhidi ya mchwa, naye akamkatalia, kwa kuwa ni mali ya Godlove na bado ni mpya. Akaleta dumu kutoka stoo. Oili ndani yake ilikuwa na rangi ya asali, na juu yake palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa shule za zamani, herufi zote zimelala upande mmoja: Oili ya Godlove. Lita mbili na robo. Imetolewa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Theodora aliomba ruhusa ya kumweleza jambo. Hakulipamba. Alimweleza habari za mtungi wa akiba: kwamba alipofungua ufunguo kutazama taa, valvu ilifunguka, na wakati yeye anatembea kwenda kuinua boneti, mtungi uliimwaga akiba yake yote kwenye sampu. Oili haikuwa imezidi. Ilikuwa imehama. Godlove alipowasha, mtungi ulichukua tena sehemu yake, na sampu ikabaki na upungufu wa zile lita zilizokuwa dumuni.

Mzee alisikiliza kiganja kikiwa juu ya goti. Kisha aliuliza maswali matatu, na Theodora aliyaandika kwa sababu wakili mzuri asingeuliza bora zaidi. Kwanza, kama kipimo kingekuwa sahihi iwapo angepima kabla ya kugusa ufunguo. Ndiyo. Pili, kama fundi alimwambia mwenye gari jambo hilo. Alimwambia mara mbili, na Godlove mwenyewe amekiri kwenye simu; ila Godlove alikuwa amelala wakati baba yake anapima. Swali la tatu lilihusu mbio zenyewe.

"Kwa upungufu huo, injini ilikwenda mizunguko mingapi ya uwanja?"

"Mitatu. Ilifunga kwenye wa nne."

"Mizunguko mitatu," mzee alirudia. Akatazama dumu. "Kwa mwendo ule, kwenye kona ile, ikiwa imepungukiwa karibu theluthi ya oili. Lori langu lisingemaliza hata mmoja." Kisha akasema, "Huyo ni fundi kweli."

Magreth aliketi ukingoni mwa benchi. Mzee akauliza fundi huyo yuko wapi sasa. Theodora akamjibu kwamba yuko chini ya ulinzi, ndani ya gari la polisi, pale barabarani.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi jioni. Kesho angesomewa shtaka."

Mzee Eliufoo aliinuka, akachukua kofia yake na lile dumu. Magreth alimwuliza kwa Kimachame kama hatakula kwanza. Akamjibu kwa Kiswahili, ili wageni wasikie, kwamba kuna mtu amekula chakula cha mahabusu siku mbili kwa ajili yake.

Barabarani alisimama mbele ya dirisha la gari la polisi. Filemon, akiwa na pingu, alimwamkia. Mzee aliitikia, akasema kwamba yale yatakayosemwa yatasemwa kituoni, mbele ya kalamu, kisha akaketi mbele, dumu likiwa mapajani, mpaka Moshi.

Kituoni dumu lilipimwa mbele yake. Lita mbili na robo, kama alivyoandika. Basili alileta picha ya Denis, akaiweka kando ya kipande cha waya kilichokatwa kwenye wigo wa Machame na kingine kilichotoka kwenye nati. Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliingia, akasoma, akasema kwamba yakipatikana maelezo ya mzee yenye saini, hatakuwa na sababu ya kumshikilia fundi hata saa moja zaidi.

Theodora aliyaandika mwenyewe, kwa mkono. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, maana mbele yake alikuwa na mzee mwadilifu ambaye mwanawe yuko wodini, na hakutaka karatasi impige kuliko alivyokwisha kujipiga. Alipomaliza akamsomea: kwamba yeye Eliufoo, kwa nia njema na bila kujua kwamba gari limebadilishwa mfumo wa oili, alipunguza lita mbili na robo.

Mzee alikuwa amekwisha kushika kalamu. Akailaza mezani.

"Futa hayo maneno, binti. Hayo ya bila kujua."

"Mzee, ndiyo yanayokulinda."

"Niliuona mtungi. Niliyaona mabomba mapya. Nilijua kwamba kwa miaka yote sijawahi kuona kitu kama kile, na nikajua kuna mtu amekaa akakifikiri. Namba ya simu ya fundi ilikuwa imeandikwa ndani ya boneti, kwa rangi nyeupe. Sikumpigia."

Theodora alimtahadharisha, kama sheria inavyomtaka, kwamba maneno hayo yanaweza kutumika dhidi yake. Mzee akamwambia kwamba ndiyo maana anataka yaandikwe sawasawa. Mkaguzi akachukua karatasi mpya. Aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, na safari hii Eliufoo alisoma mwenyewe kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaweka koma mahali palipokosa, akatia saini kwa ule mwandiko uliolala upande mmoja.

Koplo Basili akachukua ufunguo, akaenda kumfungua Filemon pingu.